Chupa Mbili za Tumbaku

Mwaka 2012, nilipostaafu ualimu mkuu, mwenzangu wa tangu chuo cha ualimu aliniletea tumbaku ya kiko kutoka kwao Urambo. Ilikuwa tumbaku ya mvuke, ya rangi ya dhahabu. Niliigawa katika chupa mbili za kioo, nikaziweka kabatini, mbali na jua. “Ukishafunga, sahau,” aliniusia.

Chupa moja sikuweza kuisahau. Kila wiki niliifungua, nikanusa kama imeiva. Kila nilipofungua, unyevu ulitoka. Mwishowe ikawa kavu kama makapi, inachoma ulimi. Ya pili ilijificha nyuma ya vitabu, nikaikuta mwaka 2022. Majani yalikuwa yamegeuka hudhurungi, yananukia kama tende, na moshi wake laini.

Siku ile niliwakumbuka walimu vijana niliokuwa nikiwachungulia dirishani kila kipindi. Nilidhani ndiyo malezi. Mmoja wao, aliyependa kufundisha kuliko mimi, aliacha kazi kabla ya kutimiza mwaka. Nilisema hakuwa ameiva. Leo najua ni mimi niliyekuwa nafungua mfuniko.