Wanafunzi wetu wa lugha wavuke mpaka

Wiki iliyopita hapa Hamburg binti mmoja wa Kijerumani aliniamkia, "Shikamoo dada," kisha akataka kujua kama kwetu ni Kilwa Masoko au Kilwa Kivinje. Nikamwambia Kivinje. Akashika kifua: "Lile Boma la Wajerumani pale karibu na bahari, jamani, linaanguka!" Anasoma Kiswahili chuo kikuu. Muhula mzima alikaa Unguja, akisoma chuo kikuu cha SUZA, halafu akateremka kwa basi mpaka Kilwa, akapanda mashua kwenda Kisiwani na Songo Mnara. Nilimkaribisha kwangu wali na pweza wa nazi. Alipiga hodi akangoja kuitikiwa, akavua viatu mlangoni, akanawa, akala kwa mkono bila kudondosha punje. Nilifurahi sana. Alipoondoka, uchungu ukanishika.

Nilimkumbuka mtoto wa kaka yangu, anayemaliza mwaka wa tatu wa Kifaransa katika chuo kimoja huko nyumbani. Sarufi anaijua nje ndani. Lakini hajawahi kulala hata usiku mmoja mahali ambapo muuza mkate anaongea Kifaransa. Nikimsemesha kwenye simu kwa Kifaransa hiki kidogo nilichookota Ulaya, ananijibu kwa Kiswahili: "Shangazi, kuandika naweza. Kusema ndiyo kazi."

Huku muda wa kukaa ugenini umo ndani ya shahada. Kabla ya kuondoka, mwanafunzi, chuo chake na chuo kinachompokea wanatia saini karatasi inayotaja masomo atakayosoma na jinsi yatakavyohesabiwa akirudi. Erasmus, mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, umekuwapo tangu 1987, na DAAD, wanaotoa ufadhili kwa Wajerumani wanaokwenda nje na wageni wanaokuja Ujerumani, tangu 1925. Na Kiswahili chetu hawakukianza jana. Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa Berlin 1887, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda kufundisha huko 1900. Walijifunza ili watutawale, hilo sisahau. Lakini walijifunza kwa watu wenyewe.

Nikisema haya, ndugu zangu hunijibu kwamba Wazungu wana hela. Ni kweli wanazo. Lakini nani kasema ugenini lazima uwe Paris? Sisi watu wa Kusini tumezungukwa na lugha za kigeni. Ng'ambo ya bahari kuna Komoro, na Kifaransa ni lugha rasmi kule. Kongo ipo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Vuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja, lililofunguliwa 2010, uko Msumbiji kwenye Kireno, na Wamakonde utawakuta pande zote mbili. Najua Cabo Delgado inateseka kwa vita tangu 2017. Basi Nampula ipo, Maputo ipo.

Marehemu bibi alikuwa akitusimulia habari za baba yake, nahodha, aliyekwenda Sur, Omani, na kusi na kukaa huko miezi akingojea kaskazi imrudishe. Kiarabu alikipata bandarini, kwa kupatana bei na kugombana na wapagazi. Wazee wetu walikuwa na muhula wa ugenini kabla vyuo vikuu havijafika kwetu. Tumeuacha wapi?

Wala sisemi haya kwa ajili ya cheti. Historia ya Kilwa imeandikwa kwa lugha za watu. Ibn Battuta alifika 1331, akaisimulia kwa Kiarabu. Habari za masultani wetu zipo kwa Kiarabu, na zipo pia kwa Kireno katika kitabu cha João de Barros kilichotoka 1552. Nyaraka za utawala wa Wajerumani hazikwenda hata mbali: zimo Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia 1997. Nyingi ni hati ya mkono ya kizamani, herufi zilizobanana na kuchongoka, ambazo hata yule binti ilibidi afundishwe kuzisoma. Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, walimnyonga Kivinje 1895. Vita vya Maji Maji dhidi yao viliwaka Umatumbi 1905. Mpaka lini tutasubiri mgeni aje atusomee waliyoyaandika juu ya babu zetu?

Vyuo vyetu viingize muhula mmoja wa ugenini ndani ya shahada za lugha, na Bodi ya Mikopo iuhesabu kama muhula mwingine wowote. Wakati tunasubiri, sisi tulio nje tuanze. Mtoto wa kaka yangu nimeshamlipia nauli ya Moroni. Nawe msomaji, kama una kijana nyumbani anayesoma lugha, mlipie nauli avuke.