Siku 30 zinaisha saa ngapi?

Nimekuwa kimya kwa sababu mbili: UE zimekaribia, na Jumamosi zangu zote siku hizi zinaishia Kijitonyama. Wengi mnaniuliza mtu wa sheria anafuata nini kule wakati madarasa yetu yako huku Mlimani. Leo nawajibu wote kwa pamoja, halafu nirudi kwenye madesa yangu.

Tuna kikundi cha watu 9. Watano tunasoma sheria, wanne wanasoma kompyuta kule CoICT. Tunatengeneza programu ya simu ya kumwambia mtu aliyeshindwa kesi siku zake za kukata rufaa zinaisha lini. Basi, hakuna kingine. Unaingiza tarehe ya hukumu, inakupa tarehe ya mwisho. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Si unajumlisha tu?

Kikao cha tatu, dada mmoja wa mwaka wa tatu, ambaye ndiye anayeiandika programu yenyewe, alituuliza maswali matatu. Siku ya hukumu inahesabiwa? Tukajibu haraka, haihesabiwi. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili je? Inasogea mpaka siku ya kazi inayofuata. Safi. Akaja na la tatu: "Mtu ametuma rufaa yake kwa mtandao saa 5 na dakika 50 usiku, siku ya mwisho kabisa. Namba ya malipo imekuja kesho yake, akalipa keshokutwa. Amewahi au amechelewa?"

Hapo sasa ndipo moto ulipowaka. Mmoja wetu akataja John Chuwa dhidi ya Antony Ciza, uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 1992: shauri limefunguliwa siku ada ilipolipwa. Mwingine akaja na Kanuni za 2018 za kufungua mashauri kwa njia ya kielektroniki, zilizosema waraka uliotumwa kabla ya saa 6 usiku unahesabika umefunguliwa siku hiyo hiyo. Na tusidhani ni ubishi wa wanafunzi. Baada ya kanuni hizo majaji wa Mahakama Kuu wenyewe walitofautiana, wengine wakishika siku ya kutuma, wengine siku ya kulipa. Ingia TanzLII, hukumu ziko bure, soma mwenyewe.

Dada yule akatusikiliza weee, mwisho akasema: "Sawa kaka zangu, lakini mimi hapa lazima niandike kitu kimoja. Mashine haijui kubishana."

Nimelala na sentensi hiyo wiki nzima. Fikiria mfumo wa mahakama yoyote. Kama umepangwa utoe namba ya malipo pale pale unapotuma, mwananchi analipa usiku ule ule na ubishi wote unakufa. Kama umepangwa kusubiri mpaka karani wa masjala afungue faili asubuhi, mtu anaweza kupoteza rufaa ya kiwanja chake kwa sababu karani alikuwa amelala, kama binadamu wengine. Hilo halikuamuliwa na Bunge wala na jaji. Limeamuliwa na aliyechora mfumo, pengine kijana wa umri wetu, pengine bila kujua kwamba ameamua kitu.

Ndiyo maana nasema sekta ya sheria inahitaji viongozi wa teknolojia, na lazima waandaliwe mapema. Simaanishi mabosi wa kitengo cha kompyuta. Namaanisha mtu anayeweza kusimama katikati akauliza: hapa mashine inaamua haki ya nani?

Tukumbuke historia yetu kidogo. Kitivo cha sheria kilianza Oktoba 1961, wanafunzi 14 tu, mjini Mtaa wa Lumumba kabla chuo hakijahamia huku Mlimani. Kati yao mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning. Mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Nchi ilikuwa changa, viti vilikuwa wazi, na waliokuwa wameandaliwa wakakaa. Kwenye teknolojia ya sheria leo naona viti viko wazi vile vile. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka 2022 tukapata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mahakama nazo zimeanza kutumia akili mnemba kunukuu na kutafsiri yanayosemwa kortini.

Hapo kwenye kutafsiri ndipo pananitisha. Shahidi akisema "nilimwona saa mbili usiku", sisi tunajua ni saa mbili baada ya jua kuzama. Tafsiri ikiandika 2 usiku kwa saa za Kizungu, ushahidi umeruka saa 6 nzima. Kwenye kesi ya mirathi mtu akisema "ndugu yangu", ni kaka? Dada? Mtoto wa shangazi? Anayejua kompyuta peke yake hawezi kulikamata hilo. Anayejua vifungu peke yake hajui kama mashine imekosea. Na hao wawili hapa kwetu wanasoma kampasi mbili, katikati kuna foleni ya Mwenge.

Baba mdogo alinipigia juzi. "Mwanangu, unasomea sheria au kompyuta? Sisi huku tunasubiri wakili." Nikamwambia shikamoo yako ipo pale pale baba, na wakili utampata. Akacheka, lakini najua hajaridhika.

Turudi kwenye programu. Watatu kati yetu walitaka tuitoe kabla ya UE, tuweke maandishi madogo chini kwamba hatuwajibiki. Mimi ndiye mwenyekiti, nikakataa. Tumekubaliana hivi: kabla ya siku kuisha, programu inamwambia mtu atume NA alipe ndani ya siku zake, asisubiri usiku wa mwisho. Siku zikishapita, tumelifuta neno "umechelewa". Neno hilo moja lingemfanya mama wa watu akunje karatasi zake aondoke, wakati pengine bado angeweza kuomba aongezewe muda, na mahakama ikaona sababu zake zina msingi. Badala yake inamwambia amwone wakili au msaidizi wa kisheria leo hii, na inampa la kuuliza.

Tumejiwekea utaratibu pia. Kila mtu wa sheria anakaa na mtu wa kompyuta, anasomewa programu hatua kwa hatua kwa Kiswahili cha kawaida mpaka aelewe. Kila mtu wa kompyuta anakwenda kushinda siku moja mahakamani, aone watu wanavyohangaika na simu za tochi. Nauli kila mtu na bumu lake. Na uenyekiti ni wa zamu, kwa sababu uongozi hausomwi kwenye desa. Unapewa kitu kidogo, kinakuwa juu yako.

Zamu yangu imeisha. Jumamosi hii saa 4 asubuhi anaongoza dada wa maswali matatu, na ajenda ya kwanza ni swali lake lingine: hukumu ikichelewa kutolewa nakala, siku za kusubiri zinatolewaje kwenye hesabu? Tunatafuta wawili wa mwaka wa kwanza, mmoja kila upande. Anayetaka anitafute pale kafeteria. Aje na daftari, laptopu si lazima.

Tuko pamoja.