Nyumba Inakarabatiwa, Wapangaji Wako Ndani

Wasanidi programu wengi ninaowajua wakisikia jina Jenkins hucheka kwanza, kisha wanalalamika, kisha wanakubali kwamba ndiyo inayowafanyia kazi ofisini hadi leo. Wanaichekea sura. Kwa miaka mingi Jenkins ilikuwa ile programu ambayo ukiifungua unadhani intaneti imekurudisha 2006: maandishi madogo, viungo vya buluu vimepangwa kushoto, na fomu ndefu zisizoisha, kisanduku juu ya kisanduku.

Kama hujawahi kukutana nayo, Jenkins ni programu huria inayofanya zile kazi za kurudiarudia ambazo timu ya wasanidi ingezifanya kwa mkono. Mtu akituma msimbo mpya, Jenkins inauchukua, inaugeuza kuwa programu kamili, inaufanyia majaribio, na mambo yakiwa shwari inaupeleka kwenye seva. Mzunguko mmoja wa namna hiyo wenyewe huuita bildi. Mimi huuita mjengo, kwa sababu ni kazi ya mjengo kweli: hakuna anayeitazama mpaka siku ukuta uanguke.

Ilianza 2004 kama kazi ya pembeni ya Kohsuke Kawaguchi, mhandisi Mjapani aliyekuwa kampuni ya Sun Microsystems. Alikuwa amechoka kuwaudhi wenzake kila msimbo wake ulipoharibu mjengo wa wote, basi akaunda mtumishi wa kumwangalilia mapema. Akamwita Hudson. Oracle ilipoinunua Sun, ukazuka mvutano kuhusu nani mwenye jina, na Januari 2011 jamii ya watumiaji ikapiga kura kuhama na jina jipya: Jenkins. Nembo ikabaki mhudumu wa nyumba za matajiri, tai shingoni na kitambaa mkononi.

Sura yake ya zamani ilikuwa mbaya, lakini haikuwa ya kijinga. Kando ya kila kazi palikuwa na picha ya hali ya hewa. Mijengo ya karibuni ikifaulu, unaona jua. Ikianza kufeli, wingu, halafu mvua, halafu radi. Hata bosi asiyejua kusoma msimbo angepita nyuma yako na kuelewa kuna dhoruba. Na kando ya picha hiyo palikuwa na duara: jekundu kwa kufeli, la buluu kwa kufaulu.

Buluu hiyo iliwasumbua watu vibaya sana. Mbona si kijani kama taa za barabarani? Jibu ni kwamba Kawaguchi alikulia Japani, ambako taa inayoruhusu magari huitwa ya buluu. Watu wa kwingine hawakuvumilia. Wakaandika plagini, yaani kipande cha kuchomeka, ambayo kazi yake yote ilikuwa kugeuza yale maduara ya buluu kuwa ya kijani. Ikapendwa mno. Sisi wa Kiswahili tusiwacheke. Nyeupe, nyeusi na nyekundu ndizo rangi zetu zinazobadilika kufuata ngeli. Kijani tumeichuma kwenye majani, samawati tumeipata kwa Waarabu kutoka mbinguni, na buluu tumeiazima kwa Mwingereza. Kila skrini imeandikwa kwa lugha ya mama ya mtu fulani, hata kama haina neno lolote.

Sasa, nyumba ya namna hii unaifanyaje ya kisasa?

Jaribio kubwa la kwanza lilikuwa kujenga nyingine kando yake. Mnamo 2016 ukatangazwa mradi wa Blue Ocean, na Aprili 2017 toleo lake la 1.0 likatoka. Ilikuwa nzuri, jamani. Hatua za mjengo zilionekana kama stesheni za reli, moja baada ya nyingine, na palipofeli pakawaka nyekundu. Shida ni kwamba ilikuwa sebule tu. Ukitaka kubadilisha mipangilio au kutumia plagini nyingi za zamani, unarudishwa nyumba ile ile ya kale. Jenkins ina plagini zaidi ya 1,800, zilizoandikwa na watu tofauti kwa miaka tofauti, na nyingi zina kipande chao cha skrini. Huwezi kuwahamisha wote kwa sababu umejenga sebule yenye vioo. Leo nyaraka rasmi za Jenkins zinasema Blue Ocean haitaongezewa kitu kipya.

Njia iliyofika mbali ni ile isiyopigwa picha. Walirudi kwenye nyumba ya kale wakaanza kung'oa bati moja moja, wapangaji wakiwa ndani.

Chukua zile fomu ndefu. Zilikuwa zimepangwa kwa majedwali, mtindo wa tovuti za zamani, ambapo kila kisanduku kinakaa ndani ya safu na mstari kama hesabu za duka. Kwa simu zilikuwa mateso. Kuyaondoa majedwali hayo kunasikika kama kazi ya alasiri moja. Kumbe kuna plagini zilizoandikwa zikiamini jedwali litakuwepo daima; ukiliondoa, kisanduku kinapotea au kitufe kinakataa. Badiliko hilo liliwafikia watumiaji wa matoleo ya muda mrefu Machi 2021, kwenye toleo la 2.277.1, na plagini kadhaa zikahitaji kurekebishwa ili ziende nalo. Ukitazama picha ya kabla na ya baada, unaweza kuuliza, "Hii tu?" Ndiyo, hii tu. Lakini bila hii, yaliyofuata yasingewezekana.

Yakafuata. Picha ndogondogo za zamani zikabadilishwa na za mchoro unaobaki safi hata ukiukuza. Mwaka 2023 wakaondoa Prototype, maktaba ya JavaScript ya 2005 iliyokuwa imejificha chini ya sakafu, na hapo tena plagini zikafuatwa. Na lile duara siku hizi ni la kijani na lina alama ya tiki ndani. La kufeli lina msalaba. Tiki hiyo ina maana kuliko rangi. Wapo watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, na kwao duara jekundu na la kijani bila alama ni duara tu. Badiliko dogo vile, na mtu aliyekuwa akiuliza jirani "imepita ama?" sasa anajisomea mwenyewe.

Hapa ndipo jambo hili linanigusa. Niliacha chuo kikuu kabla ya kumaliza, na sehemu ya kinachonilipia kodi ya nyumba ni kuandika maelekezo ya kutumia programu: bonyeza hapa, nenda pale, jaza hiki. Watu wanaosoma maelekezo hayo wengi ni kama mimi. Hawana mhadhiri wala senior wa kuketi naye. Wana laptopu ya mkono wa pili, bando za saa moja, na mwongozo walioupata bure. Kwa mtu kama huyo skrini ndiyo mwalimu. Fomu yenye visanduku arobaini visivyoelezwa inamwambia wazi: hapa si kwenu. Kwa hivyo sikubaliani na wale wanaosema sura ni urembo tu na mafundi wa kweli hutumia laini ya amri. Wanaosema hivyo tayari wako ndani, na mlango haujawahi kuwafungikia.

Lakini skrini mpya nayo ina wahanga wake. Binamu yangu alikuwa akijifunza Jenkins kwa video ya zamani. Akanitumia ujumbe usiku: "Hiyo kitufe iko wapi? Kwa video iko kushoto, kwangu imenihepa." Kabla sijajibu akaongeza: "Pengine hii vitu si za watu kama sisi." Kitufe kilikuwepo. Kilikuwa kimehamishwa ili skrini iwe rahisi kwa mgeni, na mgeni mwenyewe ndiye aliyepotea, kwa sababu ramani aliyoweza kuimudu ilikuwa ya nyumba ya zamani. Mwenye pesa hununua kozi iliyosahihishwa mwezi uliopita. Asiye nazo hufuata ya miaka sita nyuma na kudhani ujinga ni wake.

Vivyo hivyo kwa mkongwe ambaye mikono yake inajua njia gizani. Tunapenda kumcheka kwamba hataki mabadiliko. Lakini saa nane usiku, mjengo umekwama na wateja wanapiga simu, mazoea ya mikono ndiyo yanayomwokoa. Ukimhamishia swichi ya taa bila kumwambia, umemnyang'anya kitu alichokilipia kwa miaka.

Kwa hivyo siombi waache kukarabati. Naomba kuhamisha kitufe kuhesabike kuwa kumekamilika pale tu mtu anapoweza kujua kilienda wapi. Jenkins hutoa toleo jipya kila wiki, na kila baada ya wiki 12 huchagua moja la kuwa msingi wa matoleo ya muda mrefu. Kila toleo lina orodha ya yaliyobadilika. Mimi huisoma orodha hiyo kama wengine wanavyosoma matokeo ya mechi, kisha narudi kwenye miongozo yangu na kufuta "kushoto", naandika "juu kulia".

Ni kazi ndogo na hailipi vizuri. Pia haihitaji digrii, wala hata kujua Java. Mradi huu ni huria, hata kurasa zake za maelezo ni huria; yeyote anaweza kupendekeza sahihisho. Tumezoea kufikiri kwamba kuchangia programu huria ni kuandika msimbo, tukawaachia wengine. Ilhali kila picha ya skrini iliyopitwa na wakati ni mlango uliofungwa mbele ya mtu fulani mwenye bando ya saa moja. Binamu yangu nilimwonyesha kitufe. Nilipomaliza nikamwambia aandike mahali alipokwama, neno kwa neno, kabla hajasahau ilivyokuwa kutojua. Mkongwe hawezi kuandika hilo, wala aliyekihamisha kitufe.