Mwanangu aliingia jikoni kumtafuta mdogo wake

Mwanangu wa kwanza ana miaka kumi, na kwa miezi kadhaa sasa anaishi Chicago. Mwili uko hapa Singida mjini, anakwenda shule, anatumwa dukani, lakini akili yake iko kwenye Kituo namba 51 cha zimamoto, pamoja na Severide, Casey na mkuu wao Boden. Tamthilia yenyewe inaitwa Chicago Fire, ilianza kuonyeshwa Marekani Oktoba 2012. Sisi ilitufikia kwenye flashi, imetafsiriwa na yule kijana ambaye kwa sauti yake moja anaigiza wanaume, wanawake, na ikibidi hata king'ora.

Sikuona ubaya wowote. Hakuna matusi mengi, watu wanaokoana, na mtoto akitazama anatulia, nami napata nafasi ya kufanya shughuli zangu. Wazazi wenzangu mnajua thamani ya saa moja ya utulivu jioni. Nilimwona amekata dumu la lita tano akatengeneza kofia. Nilimwona akimlaza mdogo wake uani na kumburuta kwa mikono miwili, akipiga kelele kwamba nyumba inaanguka. Nilicheka na nikapiga picha.

Jioni ile nilikuwa nakaanga kuku wa oda. Mafuta ya alizeti yalikuwa yamejaa nusu ya sufuria, gesi iko juu. Simu ikaita. Ndani kwangu mtandao unasumbua, kwa hiyo nikatoka mpaka barabarani, nikasema nitarudi sasa hivi. Mteja alikuwa na maneno mengi, na mimi nikawa nayo pia. Kwa anayeijua Singida, upepo wa jioni hauhitaji maelezo. Dirisha la jiko lilikuwa wazi na pazia linacheza.

Niliposikia kelele nikageuka, nikaona moshi mweusi unatoka dirishani. Nilikimbia huku kandambili moja imebaki njiani. Nilipofika, kijana wa bodaboda anayeegesha jirani yetu alikuwa ameshamtoa mwanangu nje, na baba mmoja wa nyumba ya pili amefunga gesi na kufunika sufuria kwa sinia. Pazia lilikuwa limeteketea na ukuta mweusi mpaka juu. Mtoto amekaa barazani, anakohoa, mkono wa kulia umeungua kuanzia kiwiko mpaka karibu na kiganja.

Hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, mdogo wangu yuko wapi?"

Mdogo wake, ana miaka mitano, alikuwa kwa Mama Neema anakula viazi. Alikwenda huko kabla hata moto haujaanza. Lakini kila ninapopika huwa anakaa jikoni kwenye kibao chake, na kaka yake alilijua hilo. Aliona moshi, akamwita mara mbili, hakujibiwa. Akalowesha taulo, akajifunga usoni, akaingia.

Watu walijaa, kila mmoja na dawa yake. Mmoja amekuja na dawa ya meno, mwingine anataka asali, mwingine unga wa ngano. Namshukuru Mungu kwamba Mama Neema aliwafukuza wote, akauweka mkono wa mtoto kwenye maji ya bomba yanayotiririka na kuushikilia hapo dakika 20 kamili, huku mtoto akisema inatosha. Hospitali walituambia hilo ndilo lililosaidia. Kovu litabaki, lakini vidole vyote vinafanya kazi.

Usiku huo niliitafuta ile flashi niivunje. Baba yao akanizuia. "Utaivunja, halafu? Ukiwa barabarani na simu, yeye afanye nini?" Nilikasirika, nikanyamaza, kwa sababu swali lilinihusu mimi kuliko mtoto.

Badala ya kuivunja tukaanza kuitazama pamoja, tangu sehemu ya kwanza. Nilikuwa sijawahi kukaa nayo. Hadithi inaanza na kifo cha mwenzao, Andy Darden, na Severide na Casey wanalaumiana kwa ajili yake. Mwanangu alikuwa ameipita sehemu hiyo kama hajaiona. Safari hii aligeuka akaniangalia. "Kwa hiyo hata wao wanakufa?" Nikamwambia ndiyo. Tulipofika msimu wa tatu, alipokufa Shay wa gari la wagonjwa, mimi ndiye niliyelia, yeye akaniletea khanga.

Nilianza pia kuona vitu. Moshi wa kwenye runinga ni mwepesi, lazima tuzione sura za waigizaji. Moshi wa jikoni kwangu mtoto alisema hakuona hata mkono wake mwenyewe. Kule wanaunganisha mpira kwenye bomba la barabarani, na mtaani kwetu sijawahi kuona bomba la namna hiyo. Na Kituo 51 chenyewe hakipo. Jengo tunaloliona kwa nje ni la kikosi halisi cha zimamoto cha Chicago kiitwacho Engine 18. Nilipomwambia hivyo alinuna siku nzima.

Mkono ulipoanza kukauka nikampeleka kituo cha zimamoto cha hapa mjini. Askari aliyetupokea alikuwa dada mpole. Mwanangu akampa shikamoo, kisha swali lake la kwanza, "Afande, nyie ni kituo namba ngapi?"

Yule dada akacheka. "Sisi namba yetu ni moja tu, 114. Ukipiga hiyo tunakuja."

Akamvalisha kofia, ikamfunika mpaka puani. Akamwekea mgongoni mtungi wa hewa, huku ameushika yeye, na bado magoti ya mtoto yakakunjika. Ndipo akauangalia ule mkono, akaomba asimuliwe. Mtoto alisimulia yote, na sauti ilikuwa na fahari kidogo, siwezi kukataa.

"Mdogo wako alikuwa wapi?"

"Kwa jirani."

"Na wewe ungeanguka mle ndani, nani alijua uko wapi?"

Hakujibu. Yule dada hakumgombeza. Alimwambia kwamba hata yeye haingii bila mtungi ule na bila mwenzake, na kwamba kabla ya kuingia huwa anauliza walio nje: mmehesabiana? Mimi akaniambia kuhusu sufuria: zima gesi ukiweza kuifikia, funika, na usithubutu kumwaga maji, mafuta yataruka na moto wake. Nilikuwa sijui. Ningekuwa ndani siku ile, ningemwaga ndoo nzima.

Sasa tuna mwarobaini wetu. Uko mbele ya nyumba, na kila mtu akisikia neno moto anakwenda chini yake, haulizi chochote. Watoto wamekariri jina la mtaa na namba ya nyumba yetu iliyobandikwa wakati wa zoezi la anwani za makazi mwaka 2022, kwa sababu hapo awali tungemwelekeza mtu wa 114 kwa mashine ya kusaga na duka la Mangi.

Jumamosi iliyopita tulifanya zoezi bila taarifa. Mwanangu ndiye aliyepiga kelele. Mdogo wake alifika wa kwanza, amekumbatia kifaranga. Baba yao akafuata na kikombe cha chai. Mimi nilikuwa nimetoka tena barabarani, naongea na mteja.

Nilipofika, alikuwa amesimama chini ya mti, ameinua vidole vya ule mkono wenye kovu, anahesabu.

"Mama," akasema, "tulikuwa tunakutafuta wewe."