Mama Alikuwa Anakata Vidonge



Mwezi uliopita, kwenye foleni ya posho, tulisikia mtu akisema: "Ugonjwa wa moyo ni hukumu. Ukishaambiwa, unangojea tu siku." Sisi watoto wanne wa nyumba moja tukaangaliana. Mama yetu aliambiwa ana ugonjwa huo mwaka 2019, na hata leo ndiye anayetuamsha asubuhi. Basi tukaona tuandike yaliyotupata, hata yale yanayotuaibisha.

Ilianza na miguu. Viatu vikakataa kuingia. Usiku mama hawezi kulala chali, analala ameketi, ameegemea mzigo wa nguo, anakohoa mpaka kunakucha. Wengine walisema ni figo, wengine wakasema amerogwa. Mwisho kituo cha afya kikatupa transferi ya Bujumbura.

Kule wakampima moyo kwa ekografi. Daktari akatueleza polepole: moyo haujasimama, ila umechoka kusukuma damu, ndiyo maana maji yanabaki kwenye mapafu na miguuni. Chanzo kilikuwa presha ya miaka mingi ambayo hatukuitibu. Tulikaa wiki tano kwa mama mkubwa, Buyenzi. Maji yakatoka, mama akapungua kilo 8, akaanza kucheka.

Tulirudi kambini na dawa za aina nne. Daktari alikuwa ametuonya. Furosemidi, ile ya kukojoa, inatoa maji na mgonjwa anasikia nafuu upesi. Lakini enalaprili, bisoprololi na spironolaktoni ndizo zinazorefusha maisha, ingawa ukizimeza husikii kitu. "Hapo ndipo watu wanapotea," alisema, "wanaacha ile dawa wasiyoisikia."

Sisi tukaitika ndiyo, ndiyo. Kumbe hatukusikia.

Miezi saba baadaye mama akavimba tena, mara hii vibaya zaidi. Tukaanza kutafuta mkosaji. Kaka akamlaumu dada kwa chumvi: makayabo, na vile vidonge vya mchuzi kwenye sombe. Dada naye akamlaumu kaka kwa sababu alimnunulia mama diklofenaki ya magoti. Ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa na makosa. Chumvi inashika maji mwilini, na diklofenaki na ibuprofeni zinafanya vilevile, tena zinaumiza figo. Lakini hayo hayakuwa yote.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anatandika kitanda. Chini ya mto akakuta kitambaa kimefungwa fundo, ndani yake vipande vya vidonge. Mama alikuwa anakata kila kidonge nusu, na siku nyingine hamezi kabisa. Tulipomuuliza akasema: "Dawa zinatoka Buja, na nauli ya kuzifuata ndiyo pesa ya madaftari yenu. Mimi nimekwisha kuishi, ninyi bado." Hakuna aliyejibu. Tuligombana wiki nzima juu ya chumvi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza: mama, dawa zinatosha?

Baadaye tulielewa kwamba jambo hili si la nyumba yetu peke yake. Mwaka 2012 ulitangazwa utafiti wa wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 52 tu, na chanzo kikubwa kilikuwa presha. Mwaka 2017 ukatoka mwingine wa nchi 16 za dunia. Kwa upande wa Afrika, wagonjwa 34 kati ya 100 walifariki ndani ya mwaka mmoja. China walikuwa 7 kati ya 100. Moyo ni ule ule, jamani! Mtu aliyechelewa kufika hospitali, au asiyepata dawa kila siku, hawezi kuwa sawa na yule anayezipata.

Tulirudi Bujumbura tukamwambia daktari ukweli wote. Hakukasirika. Alibadilisha dawa mbili akaweka za bei ndogo, akaandika za miezi mitatu ili tupunguze safari. Nyumbani tukagawana kazi, na mpaka leo tunafanya hivi:

Kwanza, pesa ya dawa inatoka kabla ya pesa nyingine yoyote. Kaka anatoa ya matofali, dada ya mandazi.

Pili, mmoja wetu anahesabu vidonge kila Jumapili. Havikatwi, haviachwi, hata mama akisema amepona.

Tatu, tunampima uzito kwenye kituo cha afya. Akiongezeka kilo 2 kwa siku tatu, ni maji, si kunenepa. Tunakwenda siku ile ile, hatungojei miguu ivimbe.

Nne, chumvi kidogo sana, makayabo hapana. Magoti yakiuma, parasetamoli. Dawa yoyote ya dukani tunamuuliza muuguzi kwanza.

Tano, homa au kikohozi hatukidharau. Moyo uliochoka unaweza kuangushwa na malaria au nimonia.

Na ninyi ambao bado wazima, pimeni presha hata kama hamuumwi. Mtoto mwenye koo linalouma na homa apelekwe kituoni, maana koo lisilotibiwa linaweza kuharibu moyo wake baadaye. Na mama aliyejifungua karibuni, akikosa pumzi akilala na miguu ikivimba, asiambiwe ni uchovu wa uzazi tu. Moyo unaweza kuchoka mwisho wa mimba au miezi ya kwanza baada ya kuzaa.

Hatusemi mama amepona. Kilima cha kwenda bombani anakipanda akipumzika mara mbili, na hatujui amebakiza miaka mingapi. Lakini mwaka jana alimshika mikononi mjukuu wake wa kwanza, mtoto ambaye kwa hesabu ya vile vidonge nusu asingemwona.

Kile kitambaa chenye fundo bado tunacho. Wewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mgonjwa anayemeza dawa kila siku, leo jioni keti karibu naye, umuulize kwa upole kama zinatosha.

Ni sisi, watoto wa mama mmoja.