Neno moja la Kiingereza lililoniponza Lurambi

Nimekuwa kimya kidogo, na leo nitawaambia sababu. Ni neno moja tu.

Mwaka huu niliandika programu ndogo ya kutunza hesabu za chama kimoja cha akina mama hapa Lurambi. Kila mwanachama anaingia kwa simu yake na namba ya siri. Akikosea namba mara tatu, programu inaacha kuikubali simu hiyo. Kwenye msimbo hali hiyo niliiita "distrusted". Siku ya kuweka Kiswahili nikatafsiri harakaharaka: "Haaminiki".

Basi mama mmoja akakosea namba yake. Mweka hazina akafungua orodha mbele ya wenzake, na kando ya jina la mama yule pameandikwa: Haaminiki. Tena katika chama, mahali ambapo uaminifu ndio dhamana ya mtu! Mkutano uliofuata hakuja.

Nilikwenda kwake kumwomba radhi. Akanisikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, miaka yote nimelipa. Hiyo mashine yako inanijua?" Sikuwa na jibu.

Niliporudi nikalichunguza neno lenyewe. Kiingereza kina "mistrust" na "distrust". Wengi huyatumia kwa maana moja, lakini wapo wanaoyatofautisha: la kwanza ni wasiwasi tu, moyo unasita bila ushahidi. La pili ni kukosa imani kwa sababu ya jambo ulilolishuhudia. Sisi tuna shaka, tuna kushuku, na tuna kutokuwa na imani, kama ile kura ya wabunge.

Kwenye kompyuta "distrust" ni hukumu nzito. Mwaka 2011 wadukuzi waliiingilia kampuni ya DigiNotar ya Uholanzi, vikatolewa vyeti bandia, kimoja kikiwa cha Google. Watengenezaji wa vivinjari wakaiondolea imani, na Septemba mwaka huohuo ikafilisika. Hapo neno linafaa, maana ushahidi ulikuwepo.

Je, mama yule alikuwa na kosa gani? Kusahau tarakimu nne. Programu haikuwa na ushahidi wowote dhidi yake. Ilikuwa haijajua tu kama ni yeye.

M-Pesa imetufundisha jambo hili tangu 2007. Mwenye duka husubiri ujumbe uingie ndipo akupe mzigo, na wewe hukasiriki. Kinachothibitishwa ni malipo, si utu wako.

Basi nimebadilisha. Sasa inaandika: "Simu hii haijathibitishwa", na anayeuona ujumbe huo ni mwenye simu peke yake. Kazi ya dakika tano.

Mama amerudi chamani. Ila siku hizi kila akichanga anaandika pia kwenye daftari lake mwenyewe, aihakiki programu yangu. Simlaumu. Yeye ushahidi anao.