Konokono Alinifunza Kusikia

Mazoea yana taabu, walinena wahenga. Mimi niliuona ukweli wa methali hii kwa macho yangu.

Likizo ya Aprili nilikuwa nikilala chumba kimoja na nyanya. Usiku wa kwanza alipokohoa nilishtuka, nikamletea maji. Usiku wa tatu niligeuka tu kitandani. Baada ya wiki moja, nililala fofofo.

Shule zikafunguliwa. Siku moja mwalimu wetu wa Biolojia alimweka konokono juu ya ubao, akatuamuru tuugonge kwa kalamu. Pa! Konokono akarudisha pembe zake ndani. Akazitoa. Pa! Akazirudisha. Tulipozidi kugonga, alizirudisha kidogo tu, mwishowe akatupuuza kabisa.

"Amechoka huyo!" tukacheka.

"Hajachoka, amezoea," mwalimu akasema. "Mguseni kwa unyasi muone." Lo! Pembe ziliingia mara moja.

Ndipo akatusimulia habari za Eric Kandel, mtaalamu wa Marekani aliyechunguza konokono wa baharini aitwaye Aplysia. Mnyama huyu akiguswa hukunja shavu lake la kupumulia. Akiguswa mara kumi, mshtuko hupungua kwa muda mfupi. Akifanyiwa hivyo siku nne mfululizo, mazoea hudumu wiki kadhaa. Sababu ni kwamba neva inayopokea mguso huipelekea neva inayoamuru misuli kemikali kidogo zaidi kuliko mwanzo. Uchunguzi wake kuhusu kumbukumbu ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 2000.

"Lakini akiachwa apumzike," mwalimu akamalizia, "atashtuka upya."

Basi, Agosti nikarudi nyumbani. Usiku ule ule, koho! koho! Niliruka kitandani.

"Nyanya, kikohozi hiki kimeanza lini?"

"We mjukuu wangu, si ni kile kile cha siku zote?"

Maneno hayo yalinichoma moyo. Kumbe alikuwa akikohoa miezi yote hiyo, nasi tumezoea! Alfajiri nilimpeleka hospitali, makohozi yakapimwa: kifua kikuu. Sisi sote nyumbani tukapimwa pia. Nyanya alimeza dawa miezi sita bila kuacha, akapona. Siku hizi analima shamba lake mwenyewe.

Mpenzi msomaji, konokono huzoea kisichomdhuru. Sisi binadamu huzoea hata kinachotuulia wapendwa wetu. Je, nyumbani kwenu, ni sauti gani mmekwisha kuizoea?